CV moja haiwezi kuomba kazi ishirini

Kila yanapotoka matangazo ya kazi, yawe ya bandari, ya kaunti au ya hoteli za Nyali na Diani, saiba za mitaani kwetu hujaa siku hiyohiyo. Kijana anaingia na flashi yake, anafungua faili aliyoandikiwa na binamu yake miaka minne iliyopita, anabadilisha tarehe, anachapisha nakala kumi na tano na kununua bahasha kumi na tano za kaki. Nakala ileile inakwenda kwa mwenye hoteli, kwa wakala wa forodha, kwa shule ya kibinafsi na kwa bodi ya utumishi wa umma ya kaunti. Mwezi unapita, wa pili unapita, simu haijalia. Jioni barazani hukumu inatolewa: kazi zimeshaliwa na wenyewe.

Sitasema hukumu hiyo ni ya uongo. Upendeleo upo, na mtu wa Pwani aliyewahi kutafuta kazi nyumbani kwake hahitaji kuhadithiwa. Lakini mimi nilisomea diploma ya usimamizi wa wafanyakazi, na kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kufungua bahasha hizo katika kampuni moja ya hapa Mombasa. Nilichokiona ni kwamba maombi mengi ya vijana wetu yalianguka kabla hayajamfikia mtu mwenye uwezo wa kupendelea wala kudhulumu. Yaliangushwa na karani, mchana kweupe, kwa haki kabisa, kwa sababu karatasi haikujibu swali lililoulizwa.

Wengi hudhani mwajiri huifungua CV ili amjue mtu. Siku ya kwanza hufunguliwa ili watu wapunguzwe. Nafasi ni moja, maombi ni mamia. Karani huchukua tangazo, akatoa kila sharti lililoandikwa mle na kulifanya safu katika jedwali: elimu, cheti cha kazi, miaka ya uzoefu, kompyuta, leseni ikiwa imetajwa. Majina yanaandikwa upande wa kushoto, na kila jina linapigwa alama pale ambapo karatasi yake inaonyesha sharti limetimia. Ofisi za umma hufanya hivyo kwa sababu zinaweza kuulizwa baadaye kwa nini fulani aliitwa na fulani akaachwa. Kampuni kubwa nazo siku hizi zina programu za kompyuta zinazofanya upekuzi huo wa kwanza kwa kutafuta maneno. Karani hana muda wa kukisia, na kompyuta haijui kukisia. Tangazo likitaka miaka miwili ya kazi ya stoo na wewe umeandika "nimefanya kazi sehemu mbalimbali", safu yako inabaki tupu hata kama umekaa stoo miaka kumi.

Kwa hiyo CV, au wasifukazi kama walimu wa Kiswahili wanavyotaka tuseme, naifananisha na kanzu ya kushonesha. Kitambaa ni maisha yako, na kipimo ni tangazo. Kitambaa hakibadiliki, hakiongezeki. Kinachobadilika ni mkato.

Kazi basi huanza kwenye tangazo, na hapa ndipo wengi hukimbia. Lichapishe, chukua kalamu, ulisome mara tatu. Mara ya kwanza piga mstari chini ya kila penye "lazima". Mara ya pili tia alama penye "itakuwa faida", kwa sababu hayo ukiyakosa hayakuangushi, ila ukiwa nayo yanakuweka mbele. Mara ya tatu tafuta neno linalorudiwarudiwa. Mimi huwaambia vijana kwamba tangazo la kazi ni malalamiko ya ofisi yaliyovalishwa suti. Hoteli inayotaja "kuhesabu mali" mara mbili na "uaminifu" mara mbili katika nusu ukurasa imeibiwa, au inashuku kwamba inaibiwa. Kampuni inayosisitiza mtu wa "kufanya kazi bila kusimamiwa sana" ina meneja aliyechoka kufuatilia watu. Ukishajua kinachowauma, utajua ni kipande gani cha maisha yako kinachotakiwa kukaa ukurasa wa kwanza.

Nichukue mfano wa kijana mmoja wa Majengo aliyeniletea karatasi zake. Nimebadilisha mambo mawili matatu ili asitambulike. CV yake ilikuwa kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina, nambari ya kitambulisho, dini, kabila, hali ya ndoa, jina la baba, jina la chifu na alama za KCPE. Ikafuata ile sentensi ambayo nadhani ilitoka saiba moja ikaenea Pwani nzima, ya kwamba yeye ni mtu mwenye bidii anayetafuta changamoto katika kampuni inayokua. Cheti chake cha ununuzi na ugavi kilikuwa ukurasa wa pili. Katikati ya ukurasa wa tatu palikuwa na mstari mmoja: 2019 hadi 2022, msaidizi, duka la familia.

Nikamuuliza alikuwa akifanya nini pale dukani. Akanijibu, "Nilikuwa namsaidia ami tu, maalim. Si kazi ile."

Ilinichukua nusu saa ya maswali kuitoa kazi yenyewe. Duka lilikuwa la vifaa vya ujenzi, upande wa Kongowea. Lori la saruji likifika, yeye ndiye aliyesimama na karatasi ya mzigo akahesabu mifuko, akaandika iliyopasuka, akatia sahihi. Yeye ndiye aliyeweka daftari la stoo. Kila mwisho wa mwezi alihesabu bidhaa zote na kulinganisha na daftari, na mara moja aligundua mabati yalikuwa yakipungua kabla ami yake hajajua. Malipo ya M-Pesa ya siku aliyalinganisha na mauzo kila jioni. Vigae vilipoagizwa kutoka nje kwa kontena, yeye ndiye aliyekwenda na kurudi kwa wakala wa forodha akifuatilia hati mpaka mzigo ukatoka. Na kwa sababu mafundi hukopa, alikuwa na orodha ya wadaiwa na akazungumza nao kila Ijumaa baada ya swala bila kugombana na mtu. Miaka mitatu ya haya yote, na ameyaita msaidizi, duka la familia.

Alikuwa anaomba kazi tatu kwa wakati mmoja: karani wa stoo katika hoteli, karani wa hati kwa wakala wa forodha, na muuzaji katika kampuni ya rangi. Tukakaa tukashona tatu. CV zetu huandikwa kwa Kiingereza, najua. Naeleza kwa Kiswahili hapa ili tuelewane.

Kwa hoteli, cheti cha ununuzi na ugavi kilipanda juu kabisa, chini ya jina na simu. Duka likafuata papo hapo, likiwa na jina lake na mahali lilipo, na chini yake mistari minne: alipokea mizigo na kuihakiki dhidi ya karatasi zake, aliweka daftari la stoo, alihesabu bidhaa zote kila mwezi, aligundua na kuripoti upungufu. Ule mstari wa mabati ndio niliotaka mwenye hoteli aukute kwanza, kwa sababu tangazo lake lilikuwa likilia wizi. Wadaiwa hatukuwataja. Hoteli haikopeshi sabuni.

Kwa wakala wa forodha, duka lilelile liligeuka. Mstari wa kwanza ukawa ufuatiliaji wa hati za makontena: ankara, orodha ya mzigo, hati ya usafirishaji, ushuru, siku za maegesho ambazo bandari huzitoza mzigo ukichelewa. Aliyajua haya kwa sababu ami yake alikuwa akilalamika juu ya siku hizo kila mara. Kuhesabu mifuko ya saruji kukashuka hadi mstari wa mwisho. Na kwa kampuni ya rangi tukaanza na wateja: mafundi na wakandarasi aliowahudumia, orodha ya wadaiwa, bidhaa alizouza, zikiwemo rangi zenyewe. Tuliongeza pia kwamba anajua mafundi wa mitaa mitano kwa majina. Kwa muuzaji hilo ni mtaji. Katika CV ya stoo ni maneno tu.

Hakuna neno tulilozua. Kurasa nne zilirudi kuwa mbili, na kila moja ya hizo CV tatu ilimhusu mtu yuleyule. Kwa habari yenu, hoteli ilimwita na haikumchukua. Wakala ndiye aliyemchukua, kwa mkataba wa miezi sita.

Nimelichukua muda mrefu duka hili kwa sababu naliona kila nyumba. Sisi watu wa Pwani tumezoea kuita kazi ile tu inayolipwa mshahara na mtu mwingine. Binti anauza abaya na mitandio kwa simu, anaagiza Eastleigh, anaweka bei, anapiga hesabu ya faida, anapanga waendesha bodaboda wa kufikisha mzigo Likoni na Mtwapa, kisha kwenye CV anaandika "nipo nyumbani". Mama aliyelea watoto miaka sita na katika miaka hiyo akapika biriani za harusi za watu mia tano anaacha pengo tupu, na karani akiona pengo hujaza mwenyewe, tena si kwa wema. Kijana wa Malindi au Watamu anazungumza Kiitaliano alichokiokota ufuoni, anaomba kazi ya mapokezi hotelini, na lugha alizotaja ni Kiswahili na Kiingereza. Wa Diani anajua Kijerumani cha kutosha kuelekeza wageni, naye vilevile.

Ualimu wa madrasa nauchukulia kwa uangalifu. Ukiomba kazi ya msaidizi wa mwalimu, au ya shirika linalofanya kazi na vijana na wazazi mitaani, madrasa ni uzoefu mkubwa: watoto arubaini kila jioni, ratiba, mitihani, mikutano na wazazi, fedha za ada. Iandike hivyo, kwa hesabu na miaka. Ukiomba kuendesha forklifti, itoshe mstari mmoja mwishoni. Si kwamba tunaionea haya madrasa. Anayetafuta dereva wa forklifti anatafuta leseni na saa ulizokaa juu ya mashine.

Hali ni hiyohiyo kwa wavuvi. Kijana aliyekuwa katibu wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa ufuo, ameandika kumbukumbu za mikutano, ametunza rekodi za samaki waliovuliwa, amekaa na maafisa wa uvuvi. Shirika la uhifadhi likitangaza kazi ya mhamasishaji, hayo ndiyo wanayoyataka. Aliyepanda mikoko na kikundi kama kile cha Mikoko Pamoja pale Gazi ana uzoefu ambao mwenye digrii ya mazingira kutoka mji usio na bahari hana. Lakini lazima autaje, na autaje kwa maneno ya tangazo. Wakiandika "ushirikishaji wa jamii", nawe andika ushirikishaji wa jamii, kisha ueleze ulifanya nini. Ukiandika "mambo ya kijijini" kompyuta haitakuona.

Sasa ya kutoa. Dini, kabila, ndoa, jina la chifu, alama za shule ya msingi, nambari ya kitambulisho: vyote nje, isipokuwa tangazo limeviomba. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kubagua kwa dini, jinsia, kabila, ujauzito au ulemavu, miongoni mwa mengine. Ikiwa haruhusiwi kuyatumia, ya nini kumpelekea mkononi? Wapo watakaoniambia kwamba jina lenyewe linasema yote. Ni kweli, na jina halifichwi. Mwenye kukuacha kwa sababu unaitwa Mwanaisha au Athumani atakuacha tu, lakini usimpe na ya ziada.

Fomu za serikali ni jambo jingine. Tume ya Utumishi wa Umma na bodi za kaunti huuliza kabila, kaunti ya nyumbani na ulemavu kwa sababu sheria inawataka waonyeshe uwakilishi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia kazi zijazwe na watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa zaidi katika kaunti hiyo. Fomu hiyo ijaze kwa ukweli wote. Mwajiriwa mtarajiwa wa Taita au wa Tana River anayeomba kazi kaunti jirani anaweza kuhitaji kifungu hichohicho.

Lipo tatizo la majina ambalo ni letu hasa. Kitambulisho kinasema Mohamed, cheti cha KCSE kinasema Muhammad, cheti cha kuzaliwa kina "bin", na chuo kimeandika jina la babu likiwa la pili. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Karani hajui, na asipojua anaweka kando. Jina la kwenye CV liwe lile la kitambulisho, herufi kwa herufi. Vyeti vikitofautiana, nenda kwa wakili au kamishna wa viapo upate hati ya kiapo inayosema majina haya yote ni ya mtu mmoja, uichapishe na kuiambatanisha. Gharama yake si kubwa ukilinganisha na miaka ya kukaa kimya ukidhani umelogwa.

Kwa kazi za umma, angalia pia kama tangazo linataka karatasi za Sura ya Sita ya Katiba: cheti cha tabia njema kutoka kwa wapelelezi wa DCI, cheti cha kulipa kodi cha KRA, barua ya HELB, fomu ya EACC na ripoti ya CRB. Si matangazo yote yanayozitaka wakati wa kuomba. Yanapozitaka hupewa muda mfupi, na alama ya vidole haitoki kwa siku moja.

Kuna wenye ujuzi bila karatasi. Fundi umeme wa Likoni wa miaka kumi na tano, ambaye nusu ya nyumba za mtaa wake zinawaka kwa mkono wake, hawezi kupigwa alama kwenye safu ya "cheti". Huyu simwambii apambe CV. Namwambia aende NITA, ambao wana kituo hapa Mombasa, afanye mtihani wa ufundi kuanzia daraja la III hadi la I kadiri ya uwezo wake. Upo pia utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, ambao unampa cheti mtu aliyejifunza kwa mikono bila kumrudisha darasani. Cheti kikishapatikana, ile miaka kumi na tano inaanza kuhesabiwa.

Mabaharia wana mkato wao. Anayetaka meli haanzi na shule. Anaanza na vyeti vya STCW, vile vinavyotolewa baada ya mafunzo kama ya Bandari Maritime Academy, pamoja na tarehe vinapomalizika, kitabu chake cha baharia, halafu muda aliokaa baharini: meli ya aina gani, ukubwa gani, cheo gani, kutoka mwezi gani hadi upi. Wakala wa mabaharia akikosa tarehe hizo ukurasa wa kwanza hafungui wa pili.

Na wanaotafuta Ghuba, nusu ya niliyosema juu inageuka. Kwa Oman, Saudia au Qatar wakala atataka picha, dini, umri, ndoa, na tarehe ya pasipoti kumalizika. Ndivyo soko lile lilivyo, na ukiyaondoa utarudishiwa karatasi. Lakini kabla hujampa mtu nakala ya pasipoti, hakikisha wakala huyo yumo kwenye orodha ya waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. CV iliyopangwa vizuri ikiangukia mkono mbaya humtoa binti yetu nyumbani kwa urahisi uleule inaomtolea mkono mzuri.

Swali ninaloulizwa zaidi na wazee ni hili: huku kukatakata na kupangapanga, si udanganyifu? Tunajua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la chakula, akakuta chini ni maji na juu ni kukavu, akamkemea muuzaji. Kupanga duka ili mteja akione anachokitafuta ni biashara. Kufunika kilichooza ndiyo ghushi. Kuiacha kazi ya kinyozi uliyoifanya miezi miwili usipoomba kazi ya unyozi hakumdhulumu mtu. Kugeuza miezi minane kuwa miaka miwili, kujiita meneja ulipokuwa kibarua, kununua cheti River Road, hayo yamo kwenye lundo lenye maji. Na dunia nayo imeanza kutia mkono ndani. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitoa ripoti ya ukaguzi uliofichua zaidi ya vyeti 2,000 vya kughushi katika taasisi za umma, na EACC imekuwa ikiwashtaki watu na kudai warudishe mishahara yote waliyolipwa. Familia inauza shamba kulipia mshahara ulioliwa miaka kumi iliyopita.

Sasa nirudi kwa wale wa barazani waliosema kazi zimeliwa na wenyewe, kwa sababu hili ndilo lililonifanya niandike.

Ukiamini umedhulumiwa na bodi ya kaunti, sheria imekupa njia. Kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinamruhusu asiyeridhika na uamuzi wa ajira wa kaunti kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, kwa maandishi, ndani ya siku 90. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuiandikia ofisi ya umma na kuomba habari kuhusu namna uamuzi ulivyofikiwa, nayo inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Watu wetu hawazitumii sana njia hizi, na wanapozitumia wengi hukwama mahali pamoja. Faili hufunguliwa, ombi lao linatolewa, na kwenye ombi hilo hakuna ushahidi kwamba walitimiza masharti. Walikuwa nayo, wallahi walikuwa nayo, lakini hayakuandikwa. Mwenye kudhulumu hahitaji hata kujitetea.

CV iliyoshonwa kwa tangazo, yenye kila sharti limejibiwa kwa maneno yake na cheti chake nyuma, haikuhakikishii kazi. Inamlazimisha atakayekuacha akuache akijua, na akiulizwa aandike sababu. Tukiwa na maombi hamsini ya aina hiyo kwa nafasi moja ya kaunti, na wote hamsini wakaachwa, hapo viongozi wetu watakuwa na kitu cha kubeba mkononi wanapokwenda kulalamika.

Yamebaki madogo. Weka faili moja kubwa nyumbani yenye kila ulichowahi kufanya, na tarehe zake. Hiyo haitumwi popote, ni robota la kitambaa tu. Kutoka hapo utakata CV ya kila tangazo, na ukishazoea haikuchukui zaidi ya saa mbili. Unapoituma kwa barua pepe, faili iitwe kwa jina lako na kazi unayoomba, si "CV mpya ya mwisho 2". Usitie picha za maua wala majedwali ya rangi, kompyuta zinachanganyikiwa. Wadhamini wako wachague kwa kazi: aliyekusimamia kazini kwanza, imamu wa mtaa baadaye, MCA ikibidi. Uwaombe ruhusa na kuwaambia umeomba kazi gani. Nimewahi kumpigia mdhamini akaniuliza, "Nani huyo?"

Na laini ya simu uliyoandika iwe ile uliyonayo mfukoni, si ile uliyoibadilisha Ramadhani. Ofisi hupiga kwa nambari usiyoijua, mara nyingi saa tano asubuhi, na ikikosa kujibiwa mara mbili inakwenda kwa jina linalofuata.